Mtoto wa Pembe wa Mtakatifu Antoni

Herminio Colaço alizaliwa na miguu iliyopinda kidogo kwa ndani, akatembea kama bata, na kwa kuwa watu wetu hawawezi kuona kasoro wakanyamaza, akaitwa Bata hata kabla hajaota meno ya pili. Bata wa Dona Filó, ndiye mama yake. Alikuja kuwa wakili mwenye kola ngumu na mkoba wa ngozi, na bado kila asubuhi aliposhuka ngazi za Mtaa wa Msikiti, wanawake walichungulia madirishani wakaambiana, "Bata huyoo, anakwenda kazini." Hakulipenda jina hilo. Na kwetu sisi, usipolipenda jina lako la utani ndiyo umelipigilia msumari.

Sisi ni watu wa Hong Kong tuliotoka Macau, na damu yetu ni mchanganyiko: babu Mreno, nyanya Mchina, katikati Mmalai au Mgoa ambaye hakuna anayemkumbuka vizuri. Wazungu wanatuona Wachina, Wachina wanatuona Wazungu, na sisi tunajiona watu wanaojua kupika. Lugha yetu ya nyumbani ni Kireno kilichokaa sana jikoni kikashika harufu za huko. Bibi zetu walisali kwa lugha hiyo, wakatukana kwa lugha hiyo, na Herminio aliijua kuliko alivyojua kuvaa viatu.

Siku alipokwenda kufanya mtihani wa uwakili, mama yake alifanya kile ambacho kila mwanamke wa mtaa ule alikifanya akiwa na haja kubwa. Alikwenda nyumbani kwa akina Carvalhosa, waliokuwa na sanamu ya pembe ya ndovu ya Mtakatifu Antoni, akapiga goti, kisha akamchomoa Mtoto Yesu mkononi mwa mtakatifu akamtia mfukoni. Mtoto mwenyewe ni mdogo, anapita kidole gumba kidogo tu, na ana kijiti chini kinachomshikilia. Sala yake ni fupi: nipe ninachotaka, nami nitakurudishia mwanao. Ni unyang'anyi, sikatai, lakini Antoni ni mtakatifu wa kusukumwa, na hakuna mtu mtaani aliyewahi kuuita wizi. Herminio akafaulu. Dona Filó akamrudisha Mtoto kwa mshumaa na maua, mwanawe akimfuata nyuma huku uso umemwiva kwa haya.

Kwa miaka kadhaa alitetea wapangaji na kuwaandikia wosia wazee waliokuwa na chupa za achari nyingi kuliko mali. Kazi hiyo ilimchosha. Akawa anakaa ofisini akitazama paa za majengo ya serikali kule chini, na roho inamwenda huko. Basi serikali iliposema inatafuta wakili mzaliwa wa hapa akalie kiti cha uhakimu katika mahakama ndogo, aliomba kabla wino wa tangazo haujakauka.

Mkuu aliyemhoji alikuwa Bwana Thornley, mtu mrefu, mpole, mwenye kiko. Waliongea vizuri. Mwishoni, akiwa anakijaza kiko chake, Bwana Thornley akauliza tu, kama mtu anayeuliza habari za mvua, "Na ile lugha yenu ya kuchanganya, mnaizungumza bado?"

Angeweza kucheka akasema ndiyo, na mambo yangeishia hapo. Lakini Herminio alisikia katika swali lile harufu yote ya jiko la mama yake, uduvi uliooza na ukwaju, akaona aibu.

"Siijui, Bwana," akasema. "Kwetu tulizungumza Kiingereza."

Jioni mama yake akamuuliza mambo yamekwendaje. Akamjibu kwa lugha hiyohiyo asiyoijua kwamba yamekwenda salama. Usiku huo chakula hakikumshuka, na Dona Filó akadhani ni furaha.

Alipewa kiti, ila kwa majaribio. Kaimu hakimu; atathibitishwa akionekana anafaa. Hakuna mtoto wetu aliyewahi kukaa juu kiasi hicho, na mtaa mzima ulivimba kichwa. Wanawake waliokuwa wakimcheka madirishani sasa walisema "Bata wetu", wakawasimulia wauza samaki wasiouliza. Yeye huku nyuma akaanza kupita njia ya juu, ndefu, ili asisalimiwe mbele ya watu wa kazini. Mkataa kwao mtumwa, walisema wahenga, na mtumwa huyu alijinunulia mnyororo mwenyewe akaung'arisha.

Sasa Titi Bita. Titi kwetu ni shangazi, na Bita alikuwa shangazi wa kila mtu bila kuwa ndugu wa yeyote. Hakuolewa. Alishona mashela ya maharusi wa wengine, na nguo za maiti, na kanzu za ubatizo, ile ya Herminio ikiwamo. Akina Carvalhosa walipohamia Shanghai vitu vyao viliuzwa mnadani, na Antoni wa pembe akaangukia mikononi mwa Bibi Ackroyd, mke wa mkubwa mmoja wa bandari. Alimpenda kwa sababu ya uchongaji. Akamweka sebuleni kati ya saa ya mezani na tembo wa shaba.

Wanawake wa mtaani waliomboleza kama waliofiwa. Bita hakuomboleza. Alisema mtakatifu akiuzwa hapotezi kazi yake, amebadili anwani tu. Na alipoitwa kwa Bibi Ackroyd kushona mapazia, alimpigia Antoni goti palepale kando ya yule tembo wa shaba, akamchomoa Mtoto akaenda naye nyumbani.

Bibi Ackroyd hakuwa mtu mbaya. Aliona sanamu imebaki mkono mtupu, akauliza, na Bita akakubali papo hapo kwamba ni yeye. Akamwomba amrudishe. Bita akasema bado. Akaambiwa ataitiwa polisi. Akasema bado, akaendelea na pindo la pazia. Ungekuwa wewe ungefanyaje? Polisi wakaitwa, wakapekua chumba chake, wasione kitu.

Asubuhi ya kesi, Bwana Thornley alisimama mlangoni kwa Herminio. "Leo unaye mwanamke wa watu wenu," akasema. "Nitakuja nikae nyuma nisikilize. Suala la kukuthibitisha liko mezani kwangu, na nisingependa isemwe kwamba kwa watu wenu una mkono laini." Alisema kwa wema kabisa. Herminio akaitikia.

Bita alikijua Kichina cha sokoni barabara, lakini alikataa kuhojiwa kwa Kichina. Mambo ya mtakatifu, alisema, huyasemi kwa lugha ya kununulia samaki. Kwa hiyo akatafutwa mkalimani wa Kireno. Akapatikana kijana mmoja kutoka Lisbon, Senhor Falcão, mwalimu wa piano, mwenye nywele za mafuta. Alipomsikia Bita anavyoongea alikunja uso kama aliyepewa piano yenye panya ndani.

Bita alipopanda kizimbani alimwona aliyekaa juu. Herminio akangoja amwite Bata. Alijua ataitwa Bata mbele ya Thornley, mbele ya polisi, mbele ya karani. Bita akainamisha kichwa kwa adabu, jinsi unavyomwinamia mtu usiyemjua.

"Muulize kama alikichukua kile kitu," akasema hakimu kwa Kiingereza.

"Nimemchukua, ndiyo," akasema Bita. "Ningekataa vipi, na Antoni ananitazama?"

"Anakubali," akasema Falcão.

"Muulize sababu."

"Nilikuwa na haja."

Wote wa mtaani waliokaa nyuma walielewa ni haja gani, haja ya kupelekwa kwa mtakatifu. Falcão akasema, "Alikuwa na shida, Bwana Hakimu. Umaskini."

"Lakini mimi namlipa vizuri," akasema Bibi Ackroyd kutoka kitini pake, ameumia kweli.

"Haja gani?" akauliza hakimu, na akajuta kuuliza.

"Hiyo haisemwi," akasema Bita. "Ukiisema kabla hujajibiwa, imeharibika. Mama yako hakukufundisha?" Maneno hayo ya mwisho aliyasema polepole, akimwangalia Falcão, ili yaonekane ni ya Falcão.

"Hataki kusema," akasema Falcão.

Herminio alikwisha kupanga: atampa onyo, atamwamuru akirudishe kitu, basi, kila mtu aende nyumbani akale. Kilichohitajika ni mshtakiwa kuonyesha nia njema. "Muulize, sasa ana nia gani kuhusu kitu hicho?"

Bita akanyoosha mgongo, akasema kwa sauti ya kusikika hadi mlangoni, "Iou logo torná."

Katika jiko lolote la kwetu maneno hayo yana maana moja tu: nitamrudisha. Mtoto wa miaka mitatu anajua. Lakini katika Kireno cha Lisbon ile torná inanukia kufanya jambo upya. Falcão akainua mabega.

"Anasema atarudia," akasema.

Mguno ukapita nyuma kwa wanawake. "Mama yangu weee," akasema mmoja, "huyu kijana ana pamba masikioni?" Karani akaamuru kimya. Bibi Ackroyd akashika kifua. Bwana Thornley akatoa kiko mdomoni, akamtazama hakimu wake kuona atafanya nini.

Herminio peke yake kati ya wenye kauli mle ndani ndiye aliyejua. Alihitaji kusema jambo dogo: mkalimani, neno hilo kwao ni kurudisha. Lakini angelijuaje, yeye asiyeijua lugha? Angemtazamaje Thornley usoni? Aibu ya uongo wa kwanza ikaulinda uongo huo, na akafanya kitu cha woga kuliko kunyamaza. Akauliza, "Una hakika, Senhor Falcão?"

"Kwa kadiri lugha kama ile inavyoruhusu, Bwana Hakimu."

Wakubwa wakacheka. Na Herminio naye, Mungu amsamehe, akatabasamu.

Bita alikuwa bado anamtazama, bila hasira, kama bibi anayengoja mtoto akumbuke sala aliyomfundisha. Alimngoja mpaka lile tabasamu. Ndipo akayashusha macho.

Hakimu akasema kwamba kwa kuwa mshtakiwa haonyeshi majuto, bali anatangaza hadharani kwamba atarudia kosa, mahakama haiwezi kumpa onyo. Atakaa gerezani mwezi mmoja. Bita akavua kastabini kidoleni, akampa mwanamke aliyekaa karibu amtunzie, akaondoka na askari. Katika maisha yake yote hakuwa amewahi kulala nje ya chumba chake isipokuwa kwa wagonjwa na misiba.

Herminio alirudi nyumbani kwa njia ya juu. Mezani palikuwa na nyama ya kusaga na viazi, na yai la kukaanga juu yake, kama alivyolipenda. Dona Filó alisimama kando ya kiti, mikono ameifumba mbele ya aproni.

"Karibu, Bwana," akasema. Kwa Kiingereza. Kiingereza chake kilikuwa cha kuokoteza, na hakuwahi kukitumia kwa mwanawe hata siku moja. "Keti, tafadhali, Bwana."

"Mama," akasema Herminio kwa lugha ya kwetu, "usinifanyie hivi."

"Samahani, Bwana. Sielewi," akasema Dona Filó, akaenda jikoni.

Ikawa hivyo siku zote za kifungo. Asubuhi njema, Bwana. Chai iko tayari, Bwana. Herminio aliomba, alinuna, siku moja alipiga meza. Mama yake akamtazama kwa adabu, akasema haelewi. Na Jumapili kanisani watu wakamwachia benchi zima, wakimwita Bwana Hakimu. Hakuna aliyemwita Bata tena, na ndipo alipolitamani jina lile.

Barua ya kuthibitishwa ilikuja kabla Bita hajatoka. Bwana Thornley aliileta mwenyewe, akampa mkono. "Umeonyesha huna upendeleo," akasema. "Nilikuwa na wasiwasi kidogo, nakiri. Sasa sina." Herminio akashukuru, akafunga mlango wa ofisi, akakaa chini huku masikio yanawaka moto.

Bita alipotoka, Herminio alimwachia muda apumzike, akaenda Jumapili mchana, kofia mkononi. Alimkuta dirishani, na pazia la mtu mapajani, amekonda, nywele zimekatwa fupi kwa sababu ya chawa wa gerezani.

"Ingia, Bata," akasema Bita. "Au niseme Bwana Hakimu? Umekuja na mkalimani?"

"Titi, nimekuja kuomba radhi."

"Kumbe unaongea." Akavuta uzi. "Nilidhani serikali imekukata ulimi ikakupa kiti. Keti. Nimesikia wamekuthibitisha."

"Ndiyo, Titi."

"Cha kudumu? Hawawezi kukunyang'anya?"

"Cha kudumu."

Bita akaweka sindano chini, akafanya ishara ya msalaba. Kisha akainuka, akaenda kwenye mtungi wa ukwaju, akaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, akatoa kitambaa kilichofungwa, na ndani yake Mtoto wa pembe, ametiwa rangi ya kahawia kidogo.

"Basi Antoni amelipa," akasema. "Sasa ni halali kumrudisha."

Herminio alimtazama Mtoto, akamtazama Bita, na polepole, kwa uchungu, akaelewa. "Haja ilikuwa hiyo?"

"Ulitaka nimwombe mume, umri huu? Mama yako alikupatia uwakili. Nikasema, kiti nitakupatia mimi."

"Mbona hukusema pale?"

"Haja haisemwi. Na ningesema wangejua unanijua, ungekikosa." Akamfuta Mtoto kwa ncha ya pazia. "Nilidhani utalisahihisha lile neno tu. Hilo lisingekugharimu kitu, nilidhani. Kumbe lilikuwa ghali."

Hakimu akalia. Alilia kwa sauti, na Bita akamwacha alie, maana hakuona sababu ya kumzuia.

"Nitakwenda kwa Thornley," akasema alipoweza. "Nitamwambia mkalimani alikosea."

"Atakuuliza ulijuaje."

"Nitamwambia nilijuaje. Na Bibi Ackroyd nitamwambia leo hii, nikimpelekea Mtoto. Jina lako, Titi, nitalirudisha." Na katika lugha ya kwetu neno la kusemea hivyo ni lilelile moja.

Bita akakata uzi kwa meno. "Torná ipi hiyo, mwanangu? Yetu, au ya mpiga piano?"

"Yetu," akasema Herminio.

Wakaenda pamoja, kwa sababu aliyemkopa Mtoto ndiye anayemrudisha, na mshumaa lazima. Bita alikuwa amepigwa marufuku kuingia nyumbani kwa Bibi Ackroyd, kwa hiyo akabaki getini, mshumaa umewaka mchana kweupe, akiukinga upepo kwa kiganja. Herminio akapita bustanini akiwa na Mtoto mfukoni na maneno yake tayari. Alikuwa ameyapanga njia nzima. Na barazani, pamoja na Bibi Ackroyd, kikombe cha chai mkononi, alikuwa amekaa Bwana Thornley.

Bora zaidi, akajiambia. Watasikia wote wawili kwa mara moja.

"Loo, mmekipata," akasema Bibi Ackroyd kwa furaha. "Kilikuwa wapi?"

"Kimeletwa mahakamani," akasema Herminio. Hilo lilimtoka lenyewe. Sasa nitasema, akawaza.

Bibi Ackroyd alikwenda sebuleni, akarudi amebeba sanamu, akamchomeka Mtoto mahali pake, kinyume, kisogo kwa mtakatifu. "Mimi bado najiuliza," akasema. "Hakikuwa na thamani bila mwenzake. Yule bibi kizee alikitakia nini? Ni mila yao fulani? Na lile neno lake kizimbani, Bwana Colaço, wenzake nyuma waliguna kama kwamba limekosewa. Wewe ulilisikiaje?"

Hakuna mwanadamu aliyewahi kufunguliwa mlango mpana kuliko huo. Bwana Thornley akageuza shingo kumsikiliza, kwa upole wake uleule, na Herminio akafungua mdomo.

"Sijui, Bibi," akasema. "Lugha yao siijui."

Akaaga. Akarudi bustanini kwa mwendo wake wa bata, kichwa chini, changarawe zikilia chini ya viatu. Getini Bita alikuwa amesimama palepale. Kutoka barazani hadi getini si mbali, na Kiingereza cha kukana watu wako hakihitaji mkalimani.

Hakumlaumu. Alilamba vidole akauzima mshumaa kwa kuubana utambi, akaufunga katika leso maana ulikuwa bado una kazi.

"Kumbe yule kijana alifasiri vizuri," akasema. "Umerudia."